Kitu cha Kushika

Dokta Zawena Mtipa alikaa mbele ya jopo la kupandisha vyeo, na kama miaka iliyopita, swali lilikuwa lile lile.

"Umeunda kifaa gani?" aliuliza mwenyekiti, Profesa Kisaka.

"Mimi siundi vifaa, Profesa. Natafuta kwa hesabu jinsi umeme unavyopita ndani ya silikoni, ile inayoendesha simu zetu zote."

"Basi tuonyeshe kitu tukishike, dada."

Hilo "dada" lilimchoma kuliko swali lenyewe. Aliinuka, akachukua chaki, akaanza kuandika ubaoni kazi aliyoihangaikia tangu ujana wake, huku akiifafanua kwa lugha nyepesi kama afanyavyo kwa wanafunzi wapya. Alipogeuka, mmoja alikuwa anapiga miayo na mwenyekiti anachungulia saa.

"Ahsante," alisema Kisaka. "Ipo nafasi kwenye kitengo cha kutengeneza kompyuta. Ifikirie. Jamani, chai inapoa."

Viti vikaburuzwa, chumba kikabaki kitupu. Zawena alinyakua dasta akaanza kufuta kwa hasira, vumbi la chaki likimwingia puani na machoni. Alikuwa amefika katikati ya ubao mlango ulipofunguliwa. Aliingia Dokta Ligate wa hisabati, mjumbe wa jopo ambaye muda wote hakuwa amefungua kinywa.

"Tafadhali usifute," alisema. "Ule mstari wa mwisho sijauelewa, na siwezi kunywa chai kabla sijauelewa."

Zawena alisimama, dasta hewani, machozi na chaki vikimtiririka shavuni.