Kopo la Vidole Viwili

Kopo la dawa lilifunguka kwa vidole viwili tu: cha mgonjwa na cha shahidi wake. Ndiyo maana Mbarouk, shahidi wa Zuwena, miaka tisa tangu amwache, alibisha hodi kwake kila asubuhi saa moja. VVU vya Zuwena havikufikia UKIMWI, wala wao hawakupatana. Hata maji Zuwena hakumpa.

Juzi kliniki ilimchoma Zuwena sindano ya mara moja kwa maisha yote. "Vidonge basi, mama," nesi alimwambia. "Kopo kalitupe."

Leo hodi ikapigwa. Zuwena akamimina chai vikombe viwili, akaweka kidole. Mbarouk akaweka chake. Kopo likafunguka, tupu.

Wakalitazama wote wawili.

"Umemeza?" Mbarouk akauliza.

"Nimemeza."

"Haya. Kesho, saa ileile."