Filamu ya Mama

Siku hizi ukimpendekezea mtu kitabu au filamu, inahamia kwake, na wewe unaisahau pamoja na yote iliyokufunza. Mama alikuwa na filamu moja tu, ya mke anayepigwa hadi siku anapofunga mzigo na kuondoka. Ndiyo iliyomtoa kwa baba.

Nilipochumbiwa akanishika mkono. "Zuhena, itazame hii. Usije ukavumilia kama mimi."

Niliitazama nikilia. Asubuhi yake nikamkuta anakunja khanga zake, anaimba.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa baba yako. Hivi tuligombania nini, mwanangu?"

Nikafungua mdomo nimpendekezee ile filamu, nikaufunga. Nikimrudishia, atakayesahau ni mimi. Nje honi ikalia. Mchumba wangu alikuwa amekuja kumbebea mama sanduku.