Mpaka Uliotembea

Siku ile mjinga alikuwa Siméon, na ukimuuliza hatabisha. Mtu mwenye akili zake hachimbi shamba la marehemu akiwa na shati jeupe la misa.

Kanisani Mangina watu walikuwa bado wanaimba. Ilikuwa misa ya kumkumbuka Maître Kahongya, wakili wa Butembo, na baada ya baraka familia ingeshuka shambani kuwagawia watoto kakao ya baba yao. Siméon, jirani wa shamba hilo, alitoroka wakati wa sadaka ili awatangulie.

Akang'oa kwa jembe mti wa kwanza wa mpaka, akakimbia nao upande wake, akauchomeka. Akarudia wa pili. Jasho lilimtiririka kama mwizi, kumbe siku hiyo alikuwa anarudisha.

Kuiba alikuwa ameiba tayari. Miti ya mpaka huko haina matata: majani yake ni marefu kama mikuki, na ukikata kijiti ukakichomeka kwenye udongo wenye maji, kinaota bila kukuuliza jina. Kila msimu wa mvua, Maître akiwa mahakamani Beni, Siméon aliisogeza miti hiyo ndani ya shamba la mwenzake. Leo mstari mmoja wa kakao, msimu ujao mwingine, akiteremka polepole kuelekea mtoni.

Na Maître hakusema kitu. Wakili aliyetetea mashamba ya nusu ya wakulima wa eneo la Mabalako! Alikuwa akifika Jumamosi na joho lake jeusi ndani ya mfuko, anavua viatu vya mjini na kuvaa bote za shambani kabla hata ya kusalimia mtu. Alizungumza na kakao kwa heshima ambayo majaji hawakuipata. Cha ajabu, kila mara alianzia mistari ya mpakani: hapo ndipo alipopogoa vizuri, hapo ndipo alipomwaga samadi ya mbuzi.

"Siméon, mvua inapenda upande yako," alikuwa akimtania. "Shamba yako iko nanenepa."

"Ni Mungu, Maître."

"Donc umwambie Mungu asichoke."

Wakacheka wote wawili. Mara moja tu Maître aliuliza bila kucheka: "Baba yako alikuwaka analima kufika wapi?"

"Mi sikumujua hata sura, Maître."

Wakili akainamia kakao yake, na siku hiyo hakutania tena.

Sokoni watu walisema huyu wakili anaona mipaka ya wengine tu, wake haoni. Siméon aliwashinda wote kwa kicheko.

Halafu ugonjwa ukamchukua Maître haraka haraka. Kwenye matanga, Butembo, walimpa Siméon kiti cha mbele, karibu na jeneza, kiti cha rafiki. Wakamletea sahani ya kwanza. Akala bugali hadi mwisho, na tangu hapo hakuwa na chakula kilichoshuka vizuri. Leo tena katekista Phinées amesimama mbele ya altare na kutangaza: "Huyu mutu hakuachaka hata yatima mumoja anyang'anywe shamba!" Siméon akawatazama yatima wa Maître kwenye benchi la mbele, Bénite mkubwa wao akijifuta macho, na miguu yake ikamtoa nje bila ruhusa yake.

Sasa alikuwa amekumbatia mti mwingine, matope hadi kwenye kola, aliposikia mtu anakohoa.

Jokébed, mjane wa Maître, alikuwa amesimama katikati ya kakao, viatu mkononi.

"Shemeji, hata siku ya misa ya bwana yangu? Ungengoja basi tumalize kuimba."

"Hapana, Mama Bénite! Haiko vile unawaza. Mi niko narudisha! Niliiba. Mistari yote ile unaona ni ya batoto yako. Nilikuwa nasogeza mupaka kila mwaka, Maître hakujua."

"Alijua."

Mti ukamponyoka.

"Alijua? Na hakunipeleka ku tribunal?"

"Rudisha miti pale uliing'oa."

"Hapana, mama. Batoto wanakuja sasa ile. Nitabaangalia na macho gani? Nilikula ku matanga ya mutu mwenye nilikuwa naibia! Acha nirudishe, hata mvua inikute hapa."

"Nimesema acha."

"Mama, mi ni mwizi!"

Akainua jembe. Jokébed akasogea na kuweka mguu wake mtupu pale pale jembe lilipotaka kushuka. Siméon akabaki nalo hewani kama mpumbavu.

"Baba yako alikufa ku vita ya Mulele, ile uasi ya kisha uhuru," mjane alisema taratibu. "Mama yako alikuwa amekimbia; alirudi hapa na weye mu mugongo, akakuta baba mukwe yangu amepanda mupaka mupya. Mujane, mu myaka ile, nani angemusikia?"

"Mupaka gani?"

"Muzee alimwambia bwana yangu siku ya kufa kwake, akamuapisha asimuite baba yake mwizi mbele ya watu. Hii shamba yote, kufika ku muto, ilikuwa yenu."

Siméon alishusha jembe. Nyimbo zilikuwa zimenyamaza kanisani, na sauti za familia zilikuwa tayari njiani.

"Mais, mama," alinong'ona, "hata kama ni vile, mi nilikuwa naiba. Acha nirudishe."

"Siméon, bwana yangu amekufa akiwa anakungoja kule ku muto, na leo weye unarudi nyuma?"