Springi ya Urembo

Mashine ya kupukuchua mahindi aliiunda Kibibi, lakini siku ya mashindano ya shule Mwalimu Sanga akampa Elkana aieleze, kisa anaongea vizuri.

"Hii springi kazi yake nini?" jaji akauliza.

Elkana akaipapasa. "Hiyo ni... ya urembo, mheshimiwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Ivalisheni na hereni basi!"

Kibibi akainuka, damu inamchemka.

"Kaa chini, wewe!" mwalimu akafoka.

"Sikai! Hata jina langu kwenye fomu hukuliandika."

Akapanda jukwaani, akaichomoa springi iliyobana kifuniko, akatia hindi, akaizungusha mashine. Punje zikafyatuka, zikampiga mwalimu usoni.

"Binti, unaitwa nani?" jaji akauliza, kajikinga kwa fomu.

"Muulize Elkana," akajibu, akazidi kuzungusha.