Chai ya Mgonjwa

"Mlazeni kwa ubavu wa kushoto!" daktari alifoka. "Mimba ya miezi minane hii. Akilala chali tumbo linabana mshipa, damu hairudi moyoni."

Mgonjwa alikuwa akivuta pumzi mojamoja, mboni za macho zimenywea kama ncha ya pini. Dada yake mkubwa alisimama mlangoni, mkononi bado ameshika kopo tupu la vidonge vya maumivu alivyoviacha marehemu mama yao.

"Amevimeza vyote," alisema. "Tangu mumewe azikwe, kazi yake kulia. Nami nilikuwa jikoni tu, jamani!"

Muuguzi akamvisha mgonjwa barakoa ya oksijeni. Sindano ya kuvunja nguvu za vidonge ikaingia mshipani.

"Mtoto je, daktari?" dada aliuliza.

"Mama kwanza. Mama akipumua, mtoto naye salama."

"Na asipopumua?"

"Tunampasua hapo hapo. Umri huu mtoto anaishi."

Dada akaitikia kwa kichwa, akafuta machozi.

Ghafla mgonjwa alikohoa. "Chai… chungu," alinong'ona.

"Huyu naye! Karudi kutoka kaburini, neno la kwanza chai," muuguzi alitania. Alikuwa na hofu, na hofu yake hutokea mdomoni.

Lakini mapigo ya mtoto yalizidi kushuka, wakamkimbiza mama chumba cha upasuaji. Akatolewa msichana, mdogo wa mwili, mwenye sauti ya ugomvi. Mama naye akapona.

Kilichomgusa muuguzi ni mfuko wa yule dada. Nepi, kofia, chupa ya kunyonyea, hadi maziwa ya kopo! Mwanamke asiyejaliwa hata mtoto mmoja, na katika mbio zile zote hakusahau kitu.

"Undugu kufaana, si kufanana," muuguzi alimsifu kesho yake. Sheria ya wodi ilikuwa moja: aliyejaribu kujiua haachwi peke yake. Basi akampa dada kiti kando ya kitanda, akaenda kwa wagonjwa wengine, roho yake imetulia.

Mgonjwa alifumbua macho, mdomo mkavu. Hakukumbuka lolote la jana. Alimwona mwanawe mikononi mwa dada yake, akatabasamu.

Dada akavuta pazia. Kwa mkono mmoja akampakata mtoto, kwa mwingine akamimina chai kutoka kwenye themosi.

"Kunywa, mdogo wangu," alimbembeleza. "Safari hii nimeongeza sukari."