Kibao cha Lifti Mbovu

Lifti ilikuwa nzima kabisa. Kwa hesabu ya Mtafiti, waliolijua hilo walikuwa wawili tu: yeye, na msimamizi wa jengo, ambaye kwa wingi wa funguo kiunoni wapangaji walimwita Mzee Funguo.

“Hao mafundi wamekufa?” mama yake Mtafiti aliuliza, akikitazama kibao kilichoandikwa LIFTI MBOVU.

“Wanasubiri kipuri, mama,” Mtafiti alijibu kwa macho makavu. “Nishike mkono, twende polepole.”

Wakaanza kupanda kuelekea ghorofa ya tano, mama na fimbo yake, mwana na uongo wake.

Usimhukumu haraka. Mtafiti alikuwa mtu wa maabara, na kazi yake ilikuwa kuchunguza seli za gegedu, ule mto mtelezi unaokaa kati ya mfupa na mfupa ndani ya goti. Alikuwa na mashine ya kuzibonyeza na kuziachia, kuzibonyeza na kuziachia, kama zinavyobonyezwa mtu anapotembea. Zilizobonyezwa kwa kiasi zilichapa kazi zikajenga gegedu jipya. Zilizoachwa zikae tu kwenye kisahani zililegea. Habari hizo mama alilishwa kila siku pamoja na chakula cha jioni.

“Kumbe zinataka kusumbuliwa,” mama aliwahi kusema.

“Kwa kiasi, mama. Ukizibana kupita kiasi zinakufa.”

“Na mwenye nazo akishinda kitini kutwa?”

“Huyo anaziua kwa starehe.”

Mama akainama, akatazama chini ya meza kwa muda, akasema ameangusha kijiko.

Wiki hiyohiyo goti likaanza kumuuma. Akawa anachechemea, akapata fimbo sijui wapi, na lililomkata maini mwanawe ni kwamba alitangaza kuwa hali ikizidi atahamia kwa binti yake, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Mtafiti alinyong'onyea. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mama na seli zake, na seli hazimuulizi mtu kama amekula.

Alijaribu kumshawishi afanye mazoezi. Mama akasema mazoezi ni ya askari. Ndipo wazo la lifti likamjia.

Alimkuta Mzee Funguo akifukuza paka wa jengo kwa ufagio, akamweleza njama yake akitegemea kufukuzwa yeye pia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka akishika mbavu, kisha akafungua droo akatoa kibao kilichokwisha andikwa. Wakapatana kitundikwe jioni tu, mama anaporudi kutoka dukani na mwana kutoka kazini.

Basi wakawa wanapanda. Mama alipanda akisimulia ya dukani tangu chini mpaka juu, bila kukata hadithi hata mara moja. Mtafiti alichangia kwa kuhema. Goti lake mwenyewe lililia kama bawaba kavu; daktari alishamwambia atembee, naye aliahidi kuanza Jumatatu, bila kusema ipi. Lakini hizi ngazi hazikuwa zake, zilikuwa za mama, na kwa ajili ya mama angepanda hata nguzo ya umeme.

Tena mama alikuwa amezidi kusahau. Wakishafika mlangoni tu utamsikia, “Ole wangu, chumvi nimeiacha kwa Mzee Funguo.” Mtafiti anashuka, anapanda tena. Kesho yake sabuni. Siku nyingine miwani, na alipoirudisha akamkuta mama anasoma gazeti vizuri tu.

Wiki zikapita, goti la mama halikupona. Mara lilikuwa la kushoto, mara la kulia, na Mtafiti, pamoja na elimu yake yote, akahitimisha kwamba ugonjwa umeenea. Jioni moja akadokeza kwamba kesho atachelewa maabara, kwa hiyo mama asimngojee. Mama aliketi palepale kwenye ngazi za ghorofa ya nne, akajisugua goti.

“Basi heri nimpigie dada yako aje anichukue,” alisema kwa sauti ndogo.

Mtafiti akamwinua, akaahidi kurudi saa ileile ya kila siku. Kesho yake, mbele ya mashine yake, akaona kisahani kilichobanwa kupita kiasi, seli zote zimekufa, na roho ikamsuta. Ndicho alichokuwa akimfanyia mama yake mzazi. Angempoteza kwa ujanja wake mwenyewe. Akaizima mashine, akashuka ngazi za maabara mbilimbili, akaondoka mapema ili akaungame na kumrudishia mama lifti yake kabla hajapiga hiyo simu.

Aliingia kwa mlango wa nyuma wa jengo, ule wa kutolea taka, akipanga maneno. Alikuwa bado nyuma ya mapipa aliposikia kengele ya lifti.

Mlango wa lifti ukafunguka. Mama akatoka mbiombio, kapu mkononi, fimbo ameibana kwapani kama mwavuli siku ya jua.

“Tundika kibao, mwanangu yu karibu,” alimwambia Mzee Funguo, akimkabidhi pakiti. “Hii sukari ndiyo nitakayoisahau leo. Na fimbo yako nivumilie nayo wiki nyingine: goti lake limeacha kulia, ila akifika ghorofa ya nne bado anahema.”