Kidole Gumba Juu ya Picha

Niliifunika picha ya mgombea kwa kidole gumba, nikakohoa kidogo kama mwalimu wa zamu, nikamsomea baba kikaratasi cha kampeni.

"Nikiwa diwani wenu, soko litapendeza. Vibanda vyote vya mafundi vitavunjwa."

Tulikuwa ndani ya kimojawapo cha vibanda hivyo, cha baba cha ushonaji. Baba alisimamisha cherehani ghafla, mguu wake ukabaki umeganda juu ya pedali.

"Mpumbavu gani huyo? Lazima ni shabiki wa ile timu ya bluu!"

"Hata sura imemkaa kibluu," alisema jirani yetu, fundi viatu, ingawa sura yenyewe nilikuwa bado nimeificha.

Kwa unyenyekevu wote wa mtoto aliyelelewa bwenini, niliondoa kidole.

Mgombea alivaa jezi ya zambarau. Jezi ya timu yetu. Baba alikuwa amevaa kama hiyo, na bendera ya kampeni ya mgombea huyo, iliyokuwa chini ya sindano ya baba tangu asubuhi, ilikuwa ya rangi hiyo hiyo.

Fundi viatu alijikuna kisogo. "Basi atakuwa na sababu zake, ndugu yangu. Yule ni mwenzetu."

"Mimi sina timu," mama alisema kutoka kona aliyokuwa akishonea vifungo, akakata uzi kwa meno. "Nina kibanda."

Baba alimtazama mama, kisha mimi, nikajuta kuzaliwa mcheshi. Jezi hakuivua. Aliinua sindano, akaichomoa bendera, akanitupia kifuani.

"Mpelekee mwenzetu. Mwambie shabiki mwenzake amesema amalizie kuishona mwenyewe."